Nahodha Aliyerudisha Bakshishi

Tuaibo Sadique alikuwa na tabia moja iliyomletea heshima katika mji mzima wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na hasara nyumbani kwake: hakuweza kupokea kitu akanyamaza. Ukimpa papai, kesho yake una pweza mlangoni. Ukimshikia kamba ya mashua, ukifika kwako unakuta mkeo keshaletewa nazi. Mama yake, Bi Mariamo, alimlea kwa sheria kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na Tuaibo akaipanua sheria hiyo mpaka ikavuka mipaka ya sahani. Aliwahi kudungwa sindano ya bure kwenye zahanati, akampelekea muuguzi kuku. Siku ya pili akapeleka kuku mwingine, kwa sababu alikuwa amedungwa mikono yote miwili.

Hiyo ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini mbele ya Palma. Mji ulijaa wageni wenye helmeti na ramani, na ikifika Jumamosi hawakuwa na pa kwenda. Dona Gracinda, mama wa Nampula aliyekuwa ameletwa Palma kufanya kazi ya serikali, aliliona hilo mapema. Akaacha kazi, akanunua boti ya faiba, mitungi ya hewa na mavazi ya mpira, akaanza kuwapeleka wageni kuzamia kwenye miamba ya visiwani. Rajabo, kijana wa Mocímboa da Praia aliyejifunza kuzamia huko Pemba, ndiye aliyewaongoza wageni chini ya maji. Tuaibo akawa nahodha.

Safari ya kwanza walimpeleka bibi mmoja wa Kireno, aliyekuja kumtembelea mwanawe mhandisi. Bibi yule alipopanda kutoka majini, macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi. Boti ilipofika ufukweni, akamshika Tuaibo mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, akamwachia noti iliyokunjwa kiganjani.

Tuaibo akaganda. Kwao, fedha ikitiwa kiganjani kwa siri namna ile, na mtoaji ana macho mekundu, basi kuna msiba.

"Nani kafa?" akauliza kwa Kireno.

Bibi hakusikia vizuri. "Sitasahau kamwe," akasema, akijifuta macho.

Tuaibo hakungoja zaidi. Akaruka kutoka kwenye boti, akakimbia akichuruzika maji mpaka kwa mama yake. Akamkuta kibarazani anachagua mchele.

"Mama! U hai!"

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Mzungu."

"Mzungu gani ananijua mimi?" Bi Mariamo akaweka ungo chini. "Na kama anajua tarehe, mbona hakuja kuniambia mwenyewe?"

Jioni Dona Gracinda akamkalisha nahodha wake, akamweleza kwa subira. "Ile ni gorjeta, Tuaibo. Bakshishi. Mgeni akifurahi, huwapa watu wa boti. Ina adabu yake. Huiombi, huikodolei macho, hummiminii tabasamu aliyetoa ukamnunia asiyetoa. Unasema asante, unaitia kwenye kopo, mnagawana na Rajabo."

"Kisha?"

"Kisha nini?"

"Yule bibi anapata nini?"

"Amepata furaha."

Tuaibo akatikisa kichwa. "Furaha aliipata kwanza, ndiyo akatoa fedha. Sasa ni zamu yangu, Dona."

Asubuhi yake, bibi akiwa kwenye kiwanja cha ndege, nahodha akatokea na jogoo aliyefungwa miguu. Bibi alifurahi mno, akataka kusafiri naye mapajani. Rubani hakutaka hata kumsikia jogoo, na jogoo naye alionekana hamtaki rubani, akamdonoa. Ndege ikaondoka kwa kuchelewa, jogoo akaliwa na walinzi, na Dona Gracinda akatoa amri: marufuku kumpa mgeni mnyama.

Tuaibo alikuwa mtu wa kutii. Aliambiwa wanyama, hakuambiwa samaki. Wageni wakaanza kupokea pweza wakavu, majongoo ya bahari, na mara moja taya la papa, ambalo mgeni aliyepewa alilivaa shingoni kwenye baa mpaka likamng'ang'ania. Sifa zikaenea katika kambi ya wageni wa gesi, na taabu ikamwangukia Rajabo. Mgeni mmoja alimpa bakshishi, kisha akabaki amesimama mbele yake, anangoja zawadi yake. Rajabo akajipapasa mifukoni, hana kitu. Akampa kitana chake.

"Mjomba Tuaibo, unaniharibia," akalalamika. "Kesho nitampa nani suruali?"

Ndipo akaja Genival. Huyu alikuwa Mbrazili mpana, mwenye kicheko cha kutikisa boti, mpima ardhi katika kampuni moja ya wageni. Jumamosi ya kwanza alitoa bakshishi, Tuaibo akampa pweza. Kila mgeni mwingine alisema asante, mambo yakaishia hapo. Jumamosi iliyofuata, Genival akaja na miwani ya jua.

"Ya nini hii?" Tuaibo akauliza.

"Ya pweza, mestre," akasema, yaani nahodha kwa Kireno cha kwao. "Mimi nimelelewa na bibi yangu huko Ceará, katika kijiji cha wavuvi. Angekuwa hai akasikia nimekula pweza wa mtu nikakaa kimya, angenichapa na pweza mwenyewe."

Wakatazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake kwa mara ya kwanza, na kila mmoja akaingiwa na hofu.

Tuaibo akajibu miwani kwa gunia la korosho. Genival akajibu korosho kwa redio. Redio ikajibiwa kwa mkeka wa rangi aliousuka Bi Mariamo, mkeka ukajibiwa kwa baiskeli. Kwa baiskeli, Tuaibo hakuona jibu jingine ila mbuzi. Amri ya Dona Gracinda ilihusu boti, akajiambia, kwa hiyo akamsindikiza mbuzi kwa miguu mpaka lango la kambi. Mlinzi akasema hakuna anayeingia bila kitambulisho. Akabishana na Tuaibo, akachoka, akamvisha mbuzi kadi ya mgeni shingoni. Mbuzi akaila. Mlinzi akasema sasa haruhusiwi kutoka.

Wiki iliyofuata lori likasimama mbele ya nyumba ya Tuaibo. Likashusha sofa la watu watatu, la ngozi nyekundu, kutoka Pemba. Mlango wa nyumba ulilikataa. Dirisha likalikataa pia. Likabaki uani, kuku wakapanda juu, na majirani wakaanza kuja kukaa kwa zamu.

Chamima, mke wa Tuaibo, alilizunguka sofa mara moja tu.

"Baba Dalila, umebakiza nini? Korosho zimekwenda, mbuzi kaenda, mkeka ambao mama yako alinisukia mimi umekwenda. Kwa sofa hili utampa nini? Utampa mimi?"

Tuaibo alichelewa kujibu.

"Unafikiri!" Chamima akapiga ukelele. "Mungu wangu, mume wangu anafikiri!"

"Nilikuwa nafikiri namna ya kukataa, Mama Dalila."

Chamima akajifunga kanga, akaenda mwenyewe ufukweni siku ya Jumamosi, Kireno chake cha shuleni mdomoni. Genival alipomwona alisimama kwa heshima, akaanza kujipapasa kama ana chochote cha kumpa.

"Mikono chini, senhor," Chamima akamwambia. "Nimekuja kukueleza jambo. Kwetu kuna watu wanaitwa watani. Mtani anaingia kwako anachukua kuku, na husemi kitu. Anakutukana, unacheka. Mtani haambiwi asante, na harudishiwi. Akirudishiwa, ni aibu kubwa. Wavuvi wa ng'ambo ile ya bahari na wavuvi wa ng'ambo hii ni watani tangu zamani."

"Tangu lini?" Tuaibo akanong'ona kwa Kiswahili. "Utani na Brazili umetoka wapi?"

"Umetoka kinywani mwangu. Nyamaza."

Genival alikuwa ametoa macho. Akamtazama Tuaibo, na uso wake ukalainika kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Hakuna kurudishiana kabisa?"

"Kabisa."

"Basi wewe, mestre," akasema Genival polepole, akijaribu kama mtoto anayekanyaga maji, "wewe ni mwizi wa mbuzi, na boti yako inanuka kama shangazi wa papa."

Tuaibo akacheka mpaka akashika mota asianguke.

Siku hiyo Genival alikula mihogo yote ya nahodha bila kuomba. Waliporudi, Tuaibo akatia mkono mwenyewe kwenye mfuko wa shati la Genival, akachomoa bakshishi, akaitazama kwa dharau. "Hii tu? Kaa ana mkono mrefu kuliko wako!"

Dona Gracinda alikuwa amesimama ufukweni. Alichokiona ni nahodha wake akimpekua mgeni mifukoni huku akimtukana. Akapiga kelele mpaka ndege wa pwani wakaruka. Lakini nyuma ya Genival walikuwepo wageni wawili wapya, mume na mke kutoka Lisboa, na wao walikuwa wamelitazama tukio lote kwa makini.

"Ndiyo desturi ya hapa?" mume akamwuliza Rajabo kwa sauti ya chini.

Rajabo akafikiri upesi. "Ndiyo, senhor."

Mume akasogea mbele ya Tuaibo, akapanua mfuko wa shati, akafumba macho, akangoja. Tuaibo akamtazama Dona Gracinda. Dona Gracinda akajifunika uso. Nahodha hakuwa na utani wowote na Lisboa, lakini mgeni ni mgeni, hafai kuaibishwa. Akachukua noti kwa vidole viwili, akamwambia kwa upole kwamba ana masikio makubwa.

"Na mimi?" akauliza mke, akisogea.

Genival alikaa Palma mpaka mkataba wake ulipokwisha. Asubuhi ya kuondoka, Tuaibo alikwenda kumuaga, mikono mitupu, na hakuona haya. Genival akamkumbatia, akampokonya kofia kichwani, akapanda nayo ndege. Tuaibo akabaki kichwa wazi kiwanjani, akiitukana ndege mpaka ilipoingia mawinguni. Kisha akarudi nyumbani, akakaa kwenye sofa kati ya majirani wawili na kuku, akamwambia Mama Dalila kwamba maishani mwake hajawahi kuagwa vizuri namna ile.