Blanketi la Kutiwa Moyo

Ipo siku moja ya kipupwe ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilikuwa mke mpya pale Kifanya, enzi za Mwingereza, na mtu mmoja mwenye kofia akaja kutafuta vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga. Hakumwendea mume wangu Yohana. Alinijia mimi, jikoni, akanipa blanketi jekundu zito, bure. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kila alipokuja, wenyeji waliondoka. Lakini baridi ya Njombe unaijua. Nililipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo nikawa namsumbua Yohana: wenzako wanakwenda, wewe ni mwanamume gani? Mwishowe akakubali. Asubuhi ya safari yule mtu alirudi kuwakusanya vijana awapeleke Makambako, lilikokuwa lori. Mama mkwe akamtokea mlangoni na blanketi mkononi, akamsalimu.

"Kamwene, baba. Hili ni la nini?"

Yule akacheka. "Mama, Wazungu wana neno lao, encourage. Ni kumtia mtu moyo. Basi mimi natia moyo tu."

"Moyo mwanangu anao. Wewe unataka mikono yake. Kama kazi ni njema, mbona zawadi ukampa mkewe? Haya, nitajie kijana mmoja wa hapa uliyemchukua akarudi."

Bwana yule akaanza kufutafuta kofia yake. Mama mkwe akamwekea blanketi miguuni, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mkwe wangu, huyu hakuona unatetemeka. Aliona mabega ya mumeo."

Nilimchukia mama yule siku nzima, kwa aibu na kwa baridi. Yohana hakwenda. Jirani yetu alikwenda, na mama yake alikufa akimngoja.

Neno hilo encourage, ulilokuja nalo leo kutoka shuleni, ni zuri, sikatai. Mwalimu akikutia moyo usome, msikilize, faida ni yako. Lakini asiyekujua akikutia moyo kwa zawadi, tazama ni nani atakayeondoka nyumbani na ni nani atakayenufaika. Akipitia kwa mkeo au kwa mama yako, ogopa zaidi. Cha bure kihoji kabla hujakigusa, hata kama unatetemeka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie watu wa kukutia moyo ambao wanataka urudi kwenu.