Pindo la Pazia

Jumatatu, siku tatu baada ya kumzika mama, nilishusha pazia lake la mlango. Lilinuka moshi wa kuni kama zamani.

Alilishona kwa mkono kutokana na shuka la mtumba, kwa ajili ya wakwe waliokuja kumposa dada. Aliogopa wangeona magunia tuliyolalia, wamkatae. Upepo wa Ufipa usilipeperushe, akashonea mahindi ndani ya pindo.

Wageni wakiwa wanakula, kuku aliingia, akadonoa na kuvuta pindo hadi magunia yakaonekana. Mama akainamisha kichwa.

Mama mkwe akacheka. "Sisi nyumbani tunaweka maharage, mama. Kuku hayataki."

Dada aliolewa.

Nilipofumua pindo Jumatatu ile, maharage yalinidondokea kiganjani.