Dawa Ndani ya Valizi

Jémima alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza, Elisée, wakati mumewe Mechack alipoanza kuchimba madini ya kobalti ndani ya chumba chao cha kulala. Mtaani kwao Kasulo wengi walifanya hivyo. Jirani yao alikuwa na shimo jikoni. Kitanda kikatolewa, vitu vyote vikahamishiwa chumbani kwa mama mkwe, Mama Mbayo, pamoja na valizi ya Jémima, sanduku lake la nguo. Ndani yake, zikiwa zimeviringishwa katika nguo ya mtoto zisigongane, zilikuwamo chupa za dawa za virusi vya UKIMWI.

Hakuna aliyejua. Kituo cha afya kilimpima akiwa mjamzito, kikamkuta na virusi, na mwuguzi alimsihi asikatize dawa, hasa akinyonyesha. Lakini Jémima alimkumbuka Princesse, jirani mwingine mwenye virusi, aliyetengewa sahani na kikombe na watu wa mumewe, kisha akarudishwa Dilolo kwa wazazi wake. Basi akawa anameza kwa siri.

Sasa siri ilikosa mahali. Mama Mbayo alikuwa amevimba miguu, hatoki chumbani. Kila Jémima alipoinamia valizi, macho yale yalimfuata. Akajiambia atameza kesho. Kesho ikapita, na nyingine nyingi. Akimnyonyesha mtoto, alihisi kama anamlisha sumu. Akimnyima, mtoto analia na mkwe anauliza sababu.

Asubuhi moja Elisée aliamka na homa kali. Jémima aliingia chumbani kwa mkwe bila hodi, akafungua valizi kwa pupa ameze dawa alizoziacha, zikamwagika sakafuni.

"Ile dawa ni ya nini?" aliuliza Mama Mbayo.

"Ya tumbo, mama."

"Mi niko mugonjwa ya miguu, hapana ya macho. Siku yote unazunguka hii valizi sawa mwizi."

Jémima akaketi chini, akasema yote. Mama Mbayo akauliza, "Mechack anajua?"

"Hapana. Minaogopa atanifukuza."

"Kunywa dawa yako. Peleka mutoto ku kituo. Lakini mwambie leo. Mi shitakusaidia kudanganya mutoto yangu."

Mechack alipopanda kutoka shimoni, Jémima alimwambia palepale. Alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akatoka bila kunawa.

Kituoni walisema homa ni ya malaria. Damu nyingine ya Elisée ilipelekwa mbali. Jibu la virusi lingekuja kwa simu. Jémima alikuwa bado benchini Mechack alipoingia, udongo umemkaukia shingoni.

"Na mi munipime."

Damu yake haikuonyesha virusi. Akaketi kando ya mkewe.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliona vile bale bantu balifanya Princesse."

"Mi niko sawa bale bantu?"

Jémima akamhamishia mtoto bega la pili. Hakujua.

Mechack alikwenda kulala kwa rafiki yake, mtaa wa Kapata. Jumapili alirudi, akanawa, akala chakula alichopakuliwa. Hakugusa habari ya kufukuzana. Aliuliza tu kama kituo kimepiga simu.

"Bado," alisema Jémima.

Mechack akaichukua simu, akaitazama, akaiweka mezani kati yao.