Nilivyochangiwa rambirambi nikiwa hai ili nikapande Kilimanjaro na kifafa changu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo marahaba, hata kama hamjaamkia.

Mimi ni mzee wa Ifakara, shule niliishia darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Ninachosema hapa kimetokea. Mwenye kubisha aje Mlabani aulize iko wapi mashine ya yule mzee anayeanguka. Mtoto yeyote atamfikisha mlangoni.

Ndiyo, anayeanguka. Nina kifafa.

Kilinianza mwaka 1978, nina miaka kumi na moja, kule Mbingu. Nilianguka darasani katikati ya hesabu. Nilipozinduka darasa zima tupu, na mwalimu kakimbia. Mwalimu huyo huyo wiki moja kabla alikuwa anatufundisha ushujaa wa mababu.

Watu waliamini povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe unaanza kuanguka. Wengine mpaka leo wanaamini, na wana digrii.

Nyumbani bibi akanitafutia bakuli langu la bati. Akalitoboa ukingoni kwa msumari, lisije likachanganyika na vyombo vya wenzangu. Ujana wangu wote nimekula peke yangu nyuma ya nyumba, mimi na kuku.

Shule ikafia hapo. Nikaingia kwenye mpunga. Kivukoni hakuna aliyekubali kunipakia kwenye mtumbwi, na hapo sikumlaumu mtu. Hata mimi nisingejipakia.

Nikalima. Nikauza. Nikalima tena. Mwisho nikanunua mashine ya kukoboa. Hapo ndipo nikaona ajabu ya binadamu: mate yangu wanayaogopa, ila chenji kutoka mkononi mwangu wanapokea vizuri tu na kuihesabu wanailambia kidole.

Dawa nimekuja kuzijua ukubwani. Siku hizi nakaa hata mwaka sijaanguka.

Sasa tuje kwenye mlima.

Siku moja niko kliniki, kwenye foleni ya dawa. Mama mmoja kamleta binti yake, kamfunika kanga usoni kama mwizi anayepelekwa mahakamani. Ikaniuma. Nikasema kwa sauti, "Mwanangu, mtoe huyo mtoto kanga. Mimi nina ugonjwa huo huo na mwaka huu napanda Kilimanjaro."

Sijui ilitoka wapi. Mimi hata ngazi ya kupandia darini naiogopa.

Foleni nzima imesikia. Daktari akatoa kichwa mlangoni akacheka, akaona sicheki, akaacha. Baadaye akanikalisha chini: dawa usiruke hata siku moja, ulale vya kutosha, na anayekupandisha mwambie ukweli wote. Nikaitikia.

Mpogoro akishasema mbele ya watu, kasema.

Najua mnachotaka kuuliza. Mzee una mashine, si ujilipie mwenyewe? Ningeweza. Sikutaka. Nilitaka hawa hawa walionitengea bakuli watie mkono wao humo. Nikaanza kutafuta wadhamini.

Wa kwanza, kijana mmoja mwenye duka la mbolea. Nikamwambia nitavaa fulana yenye jina la duka lake mpaka kileleni. Akakuna kidevu. "Mzee wangu, sasa ukianguka umeivaa? Si watasema mbolea yangu inaangusha watu?"

Wa pili, dada wa ofisi moja huko mjini, tuliongea kwa WhatsApp. Akataka proposal. Kijana wa stationery akaniandikia. Akataka na picha, nikatuma. Akajibu, "Mzee, hapa umependeza sana. Huna picha unayoonekana unaumwa?" Nikamwambia nikianguka huwa sijipigi picha. Hakujibu tena.

Kanisani wakasema wataniombea. Nashukuru. Ila geti la mlimani hawapokei rozari.

Nikaenda kwa Mzee Shija, Msukuma, mwenye ng'ombe wengi upande wa Mbingu. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye adabu sana. Akasema, "Yaani nikupe ng'ombe ukatembee? Mimi natembea na ng'ombe kila siku, mbona hunilipi?"

Nikarudi, nikakaa kwenye benchi nje ya mashine yangu, nimenuna.

Jirani yangu pale ni Kasto, fundi cherehani, Mngoni, mtani wangu. Miaka yote tunashinda benchi moja tunatukanana. Ila jambo moja mlijue: ugali ukiletwa, nikimkaribisha, Kasto huwa ameshiba. Siku zote. Mtu mwembamba kama uzi, lakini ameshiba.

Siku hiyo akaniambia, "Wewe Mpogoro, ukifia huko Moshi unajua gari la maiti mpaka hapa ni shilingi ngapi? Tutachangishwa mpaka mpunga wa mbegu."

Nikamjibu kwa hasira tu, "Basi nichangieni nauli ya kwenda na miguu yangu. Ni rahisi kuliko ya kurudi nimelala."

Kasto akasimamisha cherehani. Akavua miwani. "Toka nimfahamu huyu mtu, leo ndiyo kaongea akili."

Wakuu, mnaijua nchi yetu. Omba ada, omba mtaji, omba hela ya dawa, simu zote hazipatikani. Sema msiba! Kabla hujamaliza neno kamati imeshakaa, mwenyekiti yupo, na kuna mtu kashaleta turubai.

Jioni hiyo hiyo likafunguliwa group: MSIBA WA MZEE DEO, BADO YUKO HAI. Hela ikaingia. Yule wa mbolea katoa. Wanawake wa mtaa wametoa. Mzee Shija kaleta ndama kwa mkono wake, akaniambia, "Kwa kutembea sitoi. Kwa msiba natoa."

Mke wangu, Mama Skola, ndiye aliyekasirika. "Mimi siwezi kupewa pole ya mtu anayekoroma kitandani kwangu!" Wiki nzima hakuniamkia. Kisha asubuhi ya safari nikakuta kafunga maandazi ya kutosha kanisa zima.

Kiongozi wetu mlimani alikuwa kijana wa Kichagga, Elia. Nikamwambia yote kabla hatujaanza: nina kifafa, dawa hizi hapa, nikianguka nilaze ubavu, ondoa mawe, usinitie kijiko mdomoni. Jino hili la mbele lilivunjwa na kijiko cha mtu mwema.

Siku ya kwanza vizuri. Usingizi ndio ulikataa. Baridi ya kule haina mfano wa kumpa mtu wa Kilombero, niishie hapo.

Siku ya pili tukafika kambi ya Horombo. Wageni wanaandaliwa bisi na supu nyepesi. Mimi si mgeni wa bisi. Nikaenda jikoni kwa wagumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi, wakanisogezea nafasi kwenye sinia la ugali na nyama. Nimetia mkono mara mbili, mara tatu.

Nikaanguka.

Nilipozinduka nimelala ubavu, koti la mtu chini ya kichwa. Nikabaki nimefumba macho. Hapo ndipo mahali ninapopafahamu kuliko pote duniani: unafumbua, chumba kitupu.

Nikafumbua. Wote wapo. Wanakula. Kwenye sinia lile lile lenye alama za vidole vyangu.

Mmoja akageuka, shavu limejaa. "Mzee umerudi? Mnofu wako tumekuwekea, ila wahi, Elia anautazama vibaya."

Wakuu, nimezika baba na mama sikulia vile. Nikasingizia vitunguu.

Baadaye Elia akaja. "Babu, kesho tunashuka."

Nikakataa. Nikamtukana matusi ambayo nikiyaandika hapa uzi utafutwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Endelea tu babu. Nikushushe ukiwa unatukana, kuliko nikushushe ukiwa kimya."

Kwa hiyo kileleni sikufika. Haya, andikeni "mzee kafeli", nimekaa hapa nawasubiri.

Kwenye basi nikawaza kudanganya. Ifakara nani angejua? Ila nikamkumbuka yule binti wa kanga. Nikimwambia nimefika sikuanguka, siku atakayoanguka yeye atajiona ni yeye peke yake duniani.

Sasa, msiba ukishachangiwa lazima tanga lianuliwe. Ndama wa Shija akachinjwa, Mama Skola akapika wali, na samaki kitoga wakaletwa kutoka mtoni. Watu walijaa mpaka barabarani. Yule mama wa kliniki alikuja na binti, uso wazi, na binti kajipakulia kitoga mkubwa kuliko wangu.

Nikasimama. Nikasema nilianguka Horombo mbele za watu, sikufika juu.

Hata watoto wakaacha kula.

Kasto akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Subirini ndugu zangu, nielewe. Kileleni hukufika. Kufa hukufa. Sasa wewe Mpogoro, hela yetu imefanya kazi gani?"

Watu wakaangua kicheko mpaka turubai likatikisika. Mimi sikucheka. Nikakaa kwenye sinia, nikatia mkono, nikala tonge mbele ya macho yake, nikalisukuma sinia upande wake.

"Njoo uione."

Kicheko kikakatika. Kila mtu pale anajua Kasto huwa ameshiba.

Akalitazama sinia. Akanitazama mimi. Akakunja mikono ya shati, ule mmoja, kisha wa pili, akachuchumaa.

"Sogea huko," akasema. "Umeziba samaki."

Ndiyo hivyo wakuu. Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akianguka mlaze ubavu, ondoa vya kumuumiza, kaa naye mpaka azinduke. Na akizinduka akukute unaendelea kula. Pia ukitaka watu wakuchangie, wape sababu wanayoifahamu.

Kamati imenitangazia kwamba rambirambi yangu imeshatoka na mara ya pili hawachangi. Kwa maneno mengine nimekatazwa kufa.

Mwenye mgonjwa wa kifafa ndani aandike hapa chini, tuongee. Mwenye tusi naye aandike, mimi ni mtani wa wengi.

Niliyonayo leo:

Nyumba ya tofali Mlabani.
Mashine ya kukoboa.
Ekari nane za mpunga.
Mke mmoja, siku hizi ananiamkia.
Mtani mmoja anayekula sana.
Bakuli la bati lenye tundu. Wanakunywea kuku.