Bubu Haiinuliwi Kama Ng'ombe

Kibabi nzima hakuna aliyeipenda Bubu isipokuwa mwanamke aliyeshika ufunguo wake, na mwanamke huyo naye hakuna aliyempenda.

Bubu ilikuwa kamioneti, gari dogo la mizigo la umeme, la chama cha wafugaji. Waliiita hivyo kwa sababu haikuwa na sauti. Ilishuka mlimani na bidoni za maziwa kama paka anayenyemelea jiko, na mtu alijua imefika ikiwa tayari nyuma ya kisigino chake. Ilikula jua tu, kutoka zile sahani nyeusi juu ya bati la nyumba ya maziwa. Wazee walisema gari lisilokunywa mafuta halina tofauti na mtu asiyekula mbele za watu: lazima anaficha kitu.

Dereva wake alikuwa Elisabeth, mjane wa Valens. Watu walimwita Mama Christa wakiwa mbele yake. Akigeuka, walimwita mutu wa pori, maana alizaliwa Walikale, kule msituni, binti wa mtega wanyama aliyeitwa Michel. Valens alimkuta huko akitafuta mbao ngumu za kutengeneza chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Alirudi na mbao na mke. Miaka kumi na minne alisukuma viazi hadi Sake kwa chukudu hiyo, kisha homa ikamchukua, na chukudu ikabaki imeegemea ukuta bila magurudumu. Elisabeth naye alibaki pale pale, katika uwanja wa wakwe zake, kama kitu ambacho mwenyewe hajarudi kukichukua.

Fundi aliyeleta Bubu kutoka Goma alikaa majuma mawili akifundisha kuitunza. Vijana walikuja siku mbili, wakapiga picha, wakaondoka. Elisabeth alikuja siku zote kumi na nne. Ndiyo maana ufunguo ulimwangukia yeye.

Na ndiyo maana shemeji yake, Bisengimana, alimchukia mara mbili. Kwanza, yeye alikuwa ameendesha lori la mazuti, yaani dizeli, miaka tisa, akaona ufunguo ule ni wake. Pili, kulikuwa na habari ya Gaju, mtamba wake mwekundu. Asubuhi moja Bubu ilitokea kwenye kona bila mlio, Gaju akashtuka, akaruka mtaroni, akalala asiweze kusimama. Wanaume walipitisha mti mrefu wa mkaratusi chini ya tumbo lake, watatu huku, watatu kule, wakamwinua kama tunavyoinua ng'ombe aliyeanguka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne walimchinja.

Tangu hapo Bisengimana hakumsalimia tena Elisabeth. Alipita akitema mate, na kama hakuwa na mate alijitahidi.

Sasa gurudumu la nyuma la kushoto likaanza kulia. Bubu, ambayo haikuwahi kusema neno, ilipiga kelele kila ikifunga freni, chuma juu ya chuma. Elisabeth alijua ni plaketi, vile vibao vinavyobana gurudumu lisimame. Vilikuwa vimekwisha. Vipya alikuwa navyo, fundi alimwachia. Lakini fundi mwenyewe hakuweza kupanda, barabara ilikuwa imefungwa tena, na kwa mteremko wa kwenda Sake gari lisilo na freni ni jeneza lenye taa.

Papa Rutayisire, rais wa chama, mtu wa maneno machache, aliita kikao.

"Jumamosi, saa ine," alisema. "Kama Bubu inashuka na maziwa, ufunguo inabakia kwa Mama Christa. Kama haishuke, ufunguo inaenda kwa Bisengimana. Njo vile."

Bila ufunguo ule, Elisabeth angebaki mjane wa bure katika uwanja wa watu wasiomtaka, na kila mtu kwenye kikao alilijua hilo.

Ijumaa alikata magogo manne mafupi, ya mraba, ya kuwekwa chini ya gari likiinuliwa. Aliyapanga ukutani. Jumamosi alfajiri alikuta moja tu. Matatu yalikuwa yanawaka chini ya sufuria ya maharagwe ya mama mkwe wake, Nyiraneza.

"Mama, ile miti ilikuwa ya kazi."

"Kazi gani?" Nyiraneza alikoroga bila kugeuka. "Kuni ni kuni. Kwenu kule muti haiwake?"

"Inawaka, Mama."

"Basi."

Elisabeth alichukua gogo lake moja akaenda.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa laini kama ugali ambao haujaiva. Aliisogeza Bubu mpaka mahali palipo sawa kuliko pengine pote, akavuta freni ya mkono, akazima, akachomoa ufunguo na kuuingiza kifuani, ndani ya blauzi. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Si yale mawe ya volkano yenye matundu, ambayo watu huyapenda kwa sababu ni mepesi kubeba. Hayo yakipata uzito yanavunjika kama mkate. Alitafuta mawe ya mtoni. Kisha akalegeza buloni, zile nati za gurudumu, gari likiwa bado chini, maana ukizilegeza kwa spana gari likiwa hewani, unalitikisa mwenyewe juu ya kichwa chako.

Chini ya Bubu, kila upande, kulikuwa na sehemu mbili za kuweka kriki, ile jeki ya kuinulia gari, na alikuwa amezipaka rangi nyekundu ya kucha ya Christa, binti yake. Hapo tu. Katikati yote, tumbo zima, ilikuwa bateria, imefunikwa kwa bati. Fundi alimwambia neno moja akalirudia mpaka likamchosha: "Mama, ukigusa tumbo, umeua gari. Na inaweza kuwaka."

Mara ya kwanza kriki ilizama kwenye tope. Elisabeth aliitoa, akaenda ukutani, akachukua ubao wa chukudu ya marehemu. Ulikuwa mti wa Walikale, mweusi, usiojua kupasuka. Aliulaza chini, akaweka kriki juu yake, akapampu. Bubu ikanyanyuka taratibu. Gurudumu lilipoachana na ardhi kiasi cha kidole, akaacha.

Baba yake alitega kwa gogo. Gogo zito lililoning'inizwa juu ya njia ya mnyama, likishikwa na kijiti kimoja. Alipotaka kulitengeneza, hakuingiza hata mkono kabla ya kusukuma gogo jingine chini. "Kitu kinachosimamia kijiti kimoja ni mtego," alisema, "hata kama ulikijenga mwenyewe." Elisabeth aliitazama kriki, akaona kijiti kimoja. Basi alipochomoa gurudumu aliliingiza limelala chini ya chuma cha pembeni, karibu na kriki, na juu yake akaweka lile gogo lililoponyoka sufuria ya Nyiraneza. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kiganja.

Hapo ndipo Bisengimana alipotokea na wanaume sita, na ule mti mrefu wa mkaratusi mabegani.

"Angalia!" alisema. "Jua iko juu, na yeye njo anatosha gurudumu moja. Anainua mugu mumoja mumoja, sawa imbwa inayokojoa."

Wanaume walicheka.

"Shemeki, acha nimalize," Elisabeth alisema.

"Utamaliza Pasaka? Shiye tunainua nyuma yote, pa mara moja. Pitisheni muti kwa tumbo."

"Tumbo hapana!" Alisimama mbele yao, mikono myeusi kwa grisi. "Bateria iko mule. Hii haiko ng'ombe."

"Atanifundisha kuinua!" Bisengimana aliwageukia wenzake. "Mutu wa pori, anakula nyani, atanifundisha kuinua! Nimeinua ng'ombe mbele azaliwe."

"Uliinua Gaju pia," Elisabeth alisema. "Ilisimama?"

Mmoja wa wale sita, Dusabimana, alishindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka puani. Wengine wakatazama viatu vyao.

Elisabeth alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Kuna neno ambalo ukimwambia mfugaji ni afadhali umpige kofi. Uso wa Bisengimana ulibadilika rangi. Alinyakua ncha ya mti, akazunguka upande wa kulia, akalala kifudifudi kwenye tope, akajiburuta chini ya Bubu akiuvuta mti na kuusukuma mpaka ncha ikatokeza upande wa pili.

"Shemeki, toka! Toka, iko juu ya kriki tu!"

"Banaume!" sauti ilitoka chini. "Mukamate! Moja, mbili..."

Walikuwa wamezoea sauti yake. Mikono ilishika mti yenyewe, watatu huku, watatu kule, kama kwa Gaju. Elisabeth alimrukia wa kwanza, akasukumwa kando kwa kiwiko.

"Hiii, hooo!"

Bubu ilipanda kidogo, ikayumba. Kriki ikalala. Ubao wa chukudu ukateleza kwenye tope kama ulimi. Gari likashuka.

Halikushuka mpaka chini. Liligonga gogo, gogo likakandamiza gurudumu, gurudumu likapiga tope na kulirusha mpaka kwenye nyuso za watu. Kisha likatulia hapo, likiguna.

Wanaume waliachia mti wakakimbia. Nyiraneza alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona miguu ya mwanawe imetokeza chini ya gari, akapiga yowe ambalo liliamsha mbwa wa kilima cha pili.

"Ameniulia mutoto! Mutu wa pori ameniulia mutoto!"

Elisabeth alilala chini akatazama. Bisengimana alikuwa hai. Bati la tumbo lilikuwa limegusa mgongo wake, shavu liko topeni, jicho moja likimtazama. Kati yake na kaburi palikuwa na kipande cha kuni.

"Usiguse kitu," alimwambia. "Usitikisike."

"Nitoshe huku chini," alinong'ona.

"Nitakutosha. Nyamaza."

Hakukimbia. Aliosha ubao kwa maji ya ndoo, akaupangusa kwa kitenge chake, akaulaza upya mahali pakavu zaidi. Akaweka kriki kwenye alama nyekundu. Akamwita Dusabimana aliyekuwa nyuma ya zizi, akamwambia akae kwenye jiwe la mbele asiliache hata mvua ikinyesha. Akapampu. Mara moja, akatazama. Mara ya pili, akatazama. Nafasi ilipokuwa ya viganja viwili, alimshika shemeji yake kwenye vifundo vya miguu, akamvuta nje kama ndama anayezaliwa vibaya.

Bisengimana alikaa topeni. Alihema. Watu wote walingoja neno lake.

"Ulinitegea," alisema. "Batu wote mumeona. Alinitegea na motokari."

"Njo vile!" Nyiraneza alipokea. "Baba yake alikuwa anatega! Damu haipotee!"

Elisabeth hakuwa na muda wa kesi. Alirudi chini na tochi kutazama tumbo. Mti ulikuwa umeshika ukingo wa chuma, umekwaruza rangi kiasi cha urefu wa kalamu. Bati lenyewe halikubonyea. Alibadilisha plaketi, akarudisha gurudumu, akaishusha Bubu. Akakaza buloni kwa msalaba, hii na ile inayoitazama, kama alivyofundishwa. Upande wa kulia aliufanya vilevile, mguu mmoja, mbele ya macho yote, kwa mwendo uleule.

Papa Rutayisire alifika saa nne kasoro kidogo. Hakuuliza kwa nini Bisengimana ni tope mpaka masikioni. Aliangalia gari tu.

"Inatembea?"

Elisabeth alitoa ufunguo kifuani, akaiwasha Bubu. Kwenye kioo kidogo nyuma ya usukani taa ya bateria ilijitokeza, rangi ya chungwa, ikasimama. Kisha ikawa kijani. Alisogea mbele, akakanyaga freni. Bubu ilisimama bila kusema neno.

"Basi pakia maziwa," alisema Papa Rutayisire, akaenda zake.

Mpaka leo kule Kibabi ukiuliza, nusu ya watu watakuambia Mama Christa alitaka kumuua shemeji yake kwa mtego wa msituni. Bisengimana mwenyewe huonyesha alama mgongoni kwa yeyote anayekunywa naye. Kila asubuhi huleta bidoni yake, huiweka chini hatua tano kutoka kwenye gari, na kugeuka bila salamu. Elisabeth huipandisha bila salamu.

Siku moja tu Bisengimana alisema kitu. Alikuja ukutani, akatafuta kwa macho huku na huku.

"Muti yangu ya kuinulia ng'ombe iko wapi?"

Elisabeth alikuwa chini ya Bubu. Alinyoosha mkono akagonga gogo moja, kisha la pili, la tatu, la nne, yote mapya, ya mraba, ya mkaratusi, yamepangwa kwa msalaba chini ya chuma.

"Iko kazini," alisema.

Bisengimana alitema mate, akaondoka.