Open hole au closed hole? Nilivyokaribia kubadilisha filimbi yangu kwa sababu ya kidole

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu wala jirani. Anayebisha aje Bilele, hapa Bukoba, nimwonyeshe kidole, halafu ninywe chai yake.

Najua kuna watakaosema uzi wa filimbi unatusaidia nini wakati watu wanajadili ajira. Pita tu mkuu, barabara ni pana. Ila kama unapiga chombo chochote, au una mama, soma mpaka chini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bukoba mjini, kwetu ni Kamachumu. Napiga flute, ile filimbi ndefu ya chuma unayoishika kwa ubavu. Nilijifunza nikiwa shule upande wa Rubya, na mwalimu wangu wa muziki alipostaafu aliniachia yake. Ni open hole.

Kwa wasiojua, flute ziko za aina mbili.

Closed hole ina vifuniko vilivyozibwa vyote. Ukibonyeza kifuniko, hata kwa ukingo wa kidole, kinashuka, sauti inatoka. Ndiyo wanayoanzia wengi.

Open hole ina vifuniko vitano vyenye tundu katikati. Hapo kubonyeza hakutoshi, lazima nyama ya kidole ikae juu ya tundu ilizibe kabisa. Ukikosea kidogo hewa inatoka na sauti inakufa. Faida yake ni kwamba ukiondoa kidole polepole kutoka kwenye tundu, sauti inateleza kutoka noti moja kwenda nyingine, kama mama wa Kihaya anavyoita mtu aliyeko ng'ambo ya bonde. Kwenye closed hole huo mtelezo huupati.

Mimi nilikuwa najulikana kwa mtelezo. Baada ya komunyo kwaya ikinyamaza, napuliza peke yangu, kanisa zima linatulia. Sijisifu wakuu. Haya, najisifu kidogo, sisi Wahaya ni nshomile, wasomi, mtatufanyaje.

Sasa kidole.

Mwaka juzi nilikwenda Kamachumu kumsaidia mama kusafisha kibanja. Migomba ilikuwa imejaa majani makavu, mimi na panga langu la mjini, mikono laini ya chaki. Panga likateleza kwenye mgomba ulioloa, likaondoka na ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto.

Hospitali walinishona vizuri, kidonda kikapona. Lakini kidole kikabaki kifupi, na nchani kuna kovu gumu lenye bonde katikati.

Wanaopiga flute wameshaelewa. Kidole hicho ndicho kinachoziba tundu la G. Na noti zote za chini yake, F, E na D, nazo zinakihitaji kikae palepale. Kwa hiyo mimi kuanzia G kushuka chini nilikuwa natoa upepo tu. Fiii. Kama birika linalotaka kuchemka.

Nilijaribu kwa miezi. Nilikigeuza kidole, nikakilaza, nikakibandika plasta. Wapi. Siku moja nikaifunga filimbi kwenye sanduku lake nikaisukuma chini ya kitanda. Mke wangu alipouliza nikamwambia nina kazi nyingi shuleni. Ukweli nilikuwa naumia, na nilikuwa naona aibu kuumia kwa ajili ya filimbi wakati kuna watu wamepoteza mikono.

Mama sikumwambia kabisa. Yeye ndiye aliyenipigia simu siku ile akisema kibanja kinamshinda. Nilijua akisikia kidole kimeniachisha muziki atajilaumu mpaka kaburini. Kila akiuliza mbona hupigi siku hizi, nilikuwa namjibu: "Filimbi ina tatizo, mama. Inavuja hewa."

Mwaka huu ikaja sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu kule Kamachumu. Mama, bila kuniuliza, akawaahidi watu kwamba mwanawe atakuja kupiga. Si mmoja, si wawili. Alimwahidi katekista, akawaahidi akina mama wa WAWATA, nadhani hata muuza nyama alijua.

Nikaona sasa hapa lazima nichague.

Nikaenda kwa Idrisa. Huyu ni jirani yangu Bilele, anapiga kinanda kwenye harusi na huwa anafuata vyombo vilivyotumika Kampala anakuja kuviuza. Nikamwambia nataka closed hole, naye achukue yangu, tubadilishane.

Alikuwa nayo moja, nzuri, inang'aa. Nikapuliza. G ikatoka. Nikashuka F, E, D, zote zikatoka zimejaa. Wakuu, machozi yalinilenga pale dukani.

Halafu nikajaribu mtelezo.

Hakuna. Noti zinaruka moja moja, safi, zimenyooka, kama mtoto anayesoma irabu ubaoni. Aliyekuwa akipiga pale hakuwa mimi.

Idrisa akaniambia, "Mwalimu, ukiamua uniambie mapema. Kuna kwaya ya Muleba inaitaka hii, na hiyo yako ikishatoka hapa mimi siwezi kukurudishia."

Nikamwomba anipe mpaka Jumatatu. Nyumbani nikaingia mtandaoni kusoma open hole or closed hole. Majukwaa yote yale ya wazungu wanabishana ipi bora, kila mmoja anakwambia chagua hii, achana na ile. Wengine wanasema closed ni ya wanafunzi, na nshomile akisikia neno "mwanafunzi" wakati ana digrii, damu inachemka. Nikafunga simu nikiwa na hasira kuliko nilivyoanza.

Mwisho nikaamua. Nitabadilisha. Ila kwanza niipeleke filimbi ya mwalimu wangu Kamachumu, nikae nayo wikendi moja ya mwisho. Mnaweza kucheka, lakini nilikuwa nakwenda kuiaga.

Jumamosi nikafika. Mama akanipokea, akanipa kahawa ya kutafuna, tukaongea habari za watu. Sanduku likawa wazi mezani. Akalisogelea, akaitazama filimbi muda mrefu.

"Bado inavuja?" akauliza.

"Bado, mama."

"Inavujia wapi?"

Nikamwonyesha tu kwa mkono, pale kwenye vifuniko, bila kufafanua. Kisha nikatoka kwenda kumsalimia baba mdogo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mnajua kusalimia kwa Wahaya, huwezi kusimama mlangoni ukaondoka. Nikakaa, nikala, nikarudi alasiri.

Namkuta mama amekaa mkekani, filimbi imelala juu ya kanga mapajani, uso unamng'aa.

"Mwana wange, nimeiona. Mae! Ilikuwa imetoboka matundu matano! Nani alikuuzia? Nimeyaziba yote."

Wakuu, nikainama niitazame vizuri.

Kwetu kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikivuja hakitupwi, kinazibwa kwa nta. Mama amefanya hivyo maisha yake yote. Aliposikia filimbi inavuja, akaikagua, akaona vifuniko vyenye matundu, akasema kumbe ndiyo haya. Akachukua kipande cha mshumaa uliobarikiwa, ule anaouwasha radi zikipiga, akalainisha nta kwenye vidole vyake na kukandamiza tundu moja baada ya jingine. Tena kwa ustadi, juu amelainisha kabisa.

Nilikasirika, sitawaficha. Nilifikiria nta imeshaingia ndani, pedi za chini ya vifuniko zimeharibika, na Idrisa hawezi kuipokea tena. Kwa hiyo nimekosa open na nimekosa closed. Nilifungua mdomo niseme maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mama yake.

Yeye akanitangulia. "Puliza kwanza, waitu, mwanangu."

Nikaichukua ili nimwonyeshe kwamba ameiharibu. Nikapuliza G.

Ikatoka.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikarudia. Nikashuka F, E, D. Zote zimejaa, sauti ile ile ya filimbi ya mwalimu wangu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka juzi. Kidole changu kifupi kimekaa juu ya nta ya mshumaa, na hewa haitoki popote.

Nikakaa chini palepale mkekani nikacheka mpaka mama akaanza kuogopa.

Kumbe wakuu, mama alikuwa ameigeuza open hole kuwa closed hole bila kujua kuna vitu hivyo duniani. Na mimi mwenye digrii sikuwahi kufikiria kwamba tundu linaweza kuzibwa.

Baadaye, mama alipokwenda jikoni, nikachukua njiti ya kiberiti nikatoa nta kwenye matundu manne, taratibu. La G nikaliacha. Nikapuliza, nikateleza kidole kwenye tundu la E, halafu la A. Mtelezo upo! Sikuhitaji kuchagua kati ya filimbi mbili. Nilihitaji kuziba tundu moja.

Jumatatu nikarudi kwa Idrisa na kumweleza. Alicheka akaegemea ukuta. Akavuta kopo moja, ndani kuna vizibo vidogo vya mpira, vimetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Vinauzwa! Vya filimbi yangu vilipotea labda kabla sijazaliwa.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja umeshaamua, mwalimu. Uliniambia nibadilishe, hukuniuliza dawa ya kidole. Na nyie nshomile nikiwafundisha mnasema nimewadharau."

Akasafisha mabaki ya nta, akaweka kizibo, tukaagana. Closed hole yake ikaenda kwa kwaya ya Muleba, na nasikia kuna dada mmoja pale anaipiga vizuri sana. Msije mkaona naiponda. Ni chombo kizuri, ila hakikuwa changu.

Siku ya somo nikapiga. Baada ya komunyo kanisa likatulia kama zamani, na nilipofika kwenye mtelezo wa kwanza nikasikia kigelegele kimoja kutoka upande wa akina mama. Sihitaji kuwaambia kilikuwa cha nani.

Tulipotoka nje mama akanishika ule mkono wa kushoto. Hakutazama filimbi. Akashika kile kidole, akakiminya kidogo, akasema taratibu kwa Kihaya ili watu wasisikie. Kwa Kiswahili ni hivi: "Kumbe haikuwa kidole."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote huo alikuwa anajua, au anashuku, kwamba kidole ndicho kilichoninyamazisha, na analala na wazo hilo kila siku kule kibanjani peke yake. Mimi nikidhani namficha, naye akinificha kwamba nimeshindwa kumficha.

Nikamjibu, "Haikuwa kidole, mama. Yalikuwa matundu."

Akashusha pumzi, akaenda kuwasalimia wenzake. Nilimsikia akimwambia mmoja wao kwamba filimbi ile ameitengeneza yeye.

Nilichojifunza: unaponunua flute, usiulize wakubwa wanatumia ipi. Chagua kwa mkono ulio nao leo. Kama vidole vyako ni vizima na unapenda mtelezo, chukua open hole, anza na vizibo vyote, uwe unavitoa kimoja kimoja kadiri unavyozoea. Kama una kidole kama changu, ziba pale tu panapokushinda. Kama mtelezo huuhitaji, closed hole itakutosha maisha yako yote na usikubali mtu akuite mwanafunzi. Na kuuliza si ujinga, hata kama umesoma.

Wenye uzoefu karibuni mchangie, hasa aliyeumia mkono akarudi kwenye gitaa, kinanda au ngoma, atuambie alifanyaje. Wa utani wa Wahaya nao ruksa, tumeshazoea.

Ombi moja tu. Kama kuna mtu wa Kamachumu humu anamfahamu mama yangu, tafadhali, ile filimbi ilikuwa imetoboka.