Hodi Juu ya Sanduku la Kuka Wanjala

Sisi tuliokulia Kabiro miaka ile ya tisini hatukuwa na kumbi za michezo wala mashine za kubonyeza. Tulikuwa na jeneza. Wa rika langu aliyepita huko kwetu Kawangware, Nairobi, wakati huo pengine ameshaanza kucheka, na wengine nitawaeleza polepole, maana hata mimi nikisimulia nyumbani huwa naulizwa kama nimekunywa dawa zangu.

Jeneza hilo lilikaa katikati ya karakana ya Fundi Zakayo, seremala aliyekuwa na kibao cha rangi nyekundu mlangoni: Vitanda, Meza, Majeneza, Karibu Tena. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo Karibu Tena lilikuwa la wateja gani. Ndani kulinuka gluu na mbao mbichi, na maranda yalijaa sakafuni hadi kwenye vifundo vya miguu. Tuliyakalia kwa raha kuliko kochi lolote nililonunua baadaye. Hapo ndipo wakubwa kwa wadogo tulipochezea drafti, Jumamosi mchana kutwa na Jumapili tukitoka kanisani.

Mwenye jeneza alikuwa Mzee Wanjala, soja mstaafu, yaani mlinzi wa mageti, ambaye watoto tulimwita Kuka, yaani babu kwa lugha ya kwetu magharibi. Alikuwa mrefu ajabu. Akiingia kwake aliinama mlangoni, na akishaingia aliinama tena kukwepa kamba ya nguo. Zamani alikuwa amemwona mdogo wake akirudishwa nyumbani kuzikwa katika sanduku fupi, amekunjwa magoti kama mtu anayeota moto, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Kwa hivyo alipougua kifua, akalala hata mchungaji akaja na mafuta, alimwita Fundi Zakayo aje na futi. Akapimwa akiwa kitandani. Alilalamika kwamba viwiko havikuachiwa nafasi, akataka sanduku lipanuliwe kidogo, kisha akafumba macho tayari kwa safari.

Siku jeneza lilipokamilika, akapona. Mama alisema ni supu ya kichwa, mchungaji akasema ni mafuta, na Fundi Zakayo akasema ni hasara, kwa sababu jeneza refu namna ile halikuwa na mtu mwingine wa kulijaza, na Kuka alikataa kabisa liuzwe. Kila asubuhi kabla ya chai alikuja kulitazama na kulipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake la usoja. Kisha meza yetu ya drafti ikauzwa kimakosa pamoja na viti vya mteja mmoja wa mtaa jirani wa Satellite, na Fundi, kwa kukosa pa kuchezea, akachora ubao juu ya mfuniko wa jeneza kwa penseli na vanishi. Tulidhani Kuka atapasuka. Alisema ni sawa, kitu chake kisikae bure.

Desturi ikazaliwa. Kabla ya mchezo kuanza ulipaswa kugonga mfuniko mara mbili na kusema hodi. Kuka, popote alipokuwa pale karakana, hata kama amesinzia juu ya gunia, alijibu, "Karibuni, mwenyewe yuko nje." Usipogonga, huchezi. Mchungaji alipokuja kutukemea kwamba tunafanyia mauti mzaha, aligonga kwanza.

Kete zetu zilikuwa vifuniko vya soda. Mmoja alicheza na vilivyotazama juu, mwingine na vilivyotazama chini, na ukifika mwisho wa ubao ulipandisha kimoja juu ya kingine ukapata kingi. Kando ya jeneza kulikuwa na soko la kubadilishana vifuniko, pamoja na zile kadi za wanasoka zilizotoka kwenye chingamu. Majina ya wanasoka hao yalitushinda kutamka, basi tukawapa ya majirani, na golikipa mmoja mwenye masharubu akawa Baba Kevo hadi Baba Kevo mwenyewe akaja kuomba nakala. Mimi nilikuwa na kifuniko cha dhahabu cha kinywaji cha ng'ambo kilichookotwa kwenye harusi ya matajiri. Nilikipata kwa chapati nzima, na mnajua enzi zile chapati ilikuwa kitu cha Krismasi. Mama alipogundua aliniuliza, "Wewe Nasimiyu, umetoa chapati ukapewa kutu?" Nililala na kutu yangu chini ya mto, na njaa yangu, nikiwa na furaha tele.

Kuka alicheza vizuri, ila alichukia kushindwa kuliko kitu chochote duniani, na alipoona mambo yanamwendea kombo aliiba waziwazi. Alikohoa, na kete yako ikapotea. Siku moja mchezo ulipomlemea aliomba tusimame tumshukuru Mungu. Tukafumba macho, na aliposema amina alikuwa na kingi ambaye hakuwepo tulipoanza kuomba. Hakuna aliyebisha, kwa maana utabishana vipi na mtu ukiwa umeegemea jeneza lake.

Sasa, Jumamosi moja akaja Okoth. Huyu alikuwa mwashi wa Kibera, anaishi karibu na kituo cha Olympic, na alikuwa bingwa wa drafti wa huko. Kila mara alitembea kwa miguu hadi kwetu, akatufunga sote isipokuwa Kuka, akarudi kwao akiimba. Siku hiyo hakuimba. Alikuja na shangazi yake, na wote wawili walikuwa na macho mekundu. Babu yake Okoth alikuwa amefariki, gari la kwenda kwao ziwani lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, na marehemu alikuwa mrefu kupita kila sanduku walilolipata kuanzia Kibera hadi kwetu. Walikuwa wameshauriwa wamkunje magoti. Okoth alikuwa amelikumbuka jeneza ambalo miaka yote alilijua kwa kuchezea juu yake tu.

Kuka alisimama akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Hiyo sanduku ni yangu," akasema. "Ni vile tu nimechelewa."

Shangazi akaanza kulia. Fundi Zakayo, ambaye hakutaka kumkosea aliyeagiza wala aliyefiwa, alijificha nyuma ya kabati alilokuwa akilipiga msasa. Sisi watoto tulishika kingo za jeneza, kwa kuwa likienda, basi na ubao umeenda. Na katikati ya huzuni hiyo yote Okoth akatupa jicho kwenye mchezo uliokuwa umeachwa, akafuta machozi, akamnong'onezea kijana mmoja kwamba pale ataliwa.

Nadhani hilo ndilo lililompa Kuka wazo. Alimwambia Okoth aketi. Akimshinda, abebe. Shangazi alisema tangu azaliwe hajaona wazimu kama huo, kisha akaomba kigoda akae mahali atakapoona vizuri.

Okoth akagonga mara mbili. Kuka akajibu kwamba mwenyewe yuko nje, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Siku hiyo hakukohoa wala hakutuombea. Alicheza mchezo safi kabisa, na alikuwa anashinda. Kuka alikuwa tayari na kingi, na Okoth alibakiwa na kete chache zilizojikunyata pembeni. Nilifurahi. Nilijua ubao wetu umepona.

Kisha Kuka akauliza, bila kuinua macho, "Walisema mkunje magoti?"

"Ndio, mzee."

Kuka akamsukuma kingi wake hadi mahali ambapo hata mtoto wa nasari hangemweka. Okoth alimtazama, akatazama ubao, akamtazama tena.

"Kula," Kuka akamwambia. "Ikikaa hapo inaliwa."

Okoth akala, na baada ya hapo akala kilichobaki. Kuka akatutangazia sote kwamba jua lilimpiga machoni. Karakana ile haikuwa na dirisha. Sisi tuliojua drafti tulitazama maranda, na ingawa nilikuwa nimepoteza ubao, nilimpenda mzee yule siku hiyo kuliko siku zote.

Jeneza likaenda ziwani na ubao wake, maana muda wa kuufuta haukuwepo. Okoth alirudi akatuambia kwamba huko matangani wazee waliuona, wakaulizia vifuniko, na mazishi yakacheleweshwa hadi mtu fulani amalize mchezo aliokuwa anaongoza.

Sisi tulihamia kwenye mlango mbovu uliolazwa juu ya matofali. Tuliendelea kugonga, na kwa kweli mlango ndio unaostahili hodi, lakini haikuwa tamu kama zamani. Kuka naye akawa mtu wa kujisifu. Alisema hawezi kufa kwa sababu hana sanduku, na kila alipopata homa alimwonya Fundi Zakayo asithubutu kushika msumeno. Dawa hiyo ilifanya kazi miaka mingi.

Iliacha kufanya kazi nikiwa sekondari. Asubuhi ya kumsafirisha tulikuwa tumesimama uani kwenye ploti yake tukiwa na wasiwasi, kwa sababu Fundi Zakayo alikuwa ametii lile onyo la msumeno, na masanduku yote aliyokuwa nayo yalikuwa mafupi. Ndipo tukaona mkokoteni ukiingia kutoka upande wa Satellite. Okoth alikuwa akiusukuma, na nyuma yake wachezaji wa Kibera wamevaa mashati ya kanisani. Juu ya mkokoteni kulikuwa na jeneza refu, lenye nafasi ya viwiko, na kwenye mfuniko walikuwa wamechora ubao wa drafti, mistari imenyooka kuliko ile yetu.

Kuka akalazwa humo, miguu imenyooka. Wachezaji tukapita mmoja mmoja tukigonga mara mbili. Nilipofika mimi nilikiacha kile kifuniko changu cha dhahabu juu ya ubao. Okoth alikuwa wa mwisho. Aligonga, akasema hodi, akasimama akingoja, na sisi sote tukajikuta tunangoja naye, hata mchungaji.

Fundi Zakayo akamshika bega. "Twende," akamwambia. "Leo mwenyewe yuko ndani."

Siku hizi kijana wangu hucheza drafti kwenye simu. Ni hodari, nakubali, na hajawahi kuumwa mgongo kwa kubeba matofali ya kulazia mlango. Juzi alikuwa anamfunga mtu wa Brazili ambaye hamjui sura wala jina. Nilimuuliza, huyo mwenzako akifa, nani atakuambia? Akatoa kidude sikioni, akasema, "Ati?"

Nikagonga meza mara mbili. Akainua macho akauliza nani yuko mlangoni. Nikamwambia hakuna mtu, aendelee kucheza.